Shajara ya albamu ya kwanza: wote chumba kimoja

Januari, kabla ya studio

Nyimbo zilizopo ni 14 na albamu haitazibeba zote. Hilo tutalimaliza mbele ya safari. Kilichokwisha kuamuliwa ni namna ya kurekodi: dramu, besi, solo na ridhimu tunapiga kwa pamoja ndani ya chumba kimoja, na sauti ya mwimbaji inawekwa baadaye. Mpiga solo alitaka njia ya bendi nyingi za sasa, dramu zinaingia kwanza peke yake, kisha kila mmoja anakuja kwa zamu kuweka chombo chake juu. Hoja yake ina uzito. Ukikosea unarudia sehemu yako bila kuwasumbua wenzako, na fundi mitambo anapata kila chombo kikiwa safi. Lakini demo tulizofanya kwa njia hiyo zimenyooka na zimepoa. Mazoezini, mpiga dramu akizidisha nguvu kidogo kuelekea kiitikio, mkono wa ridhimu unamfuata bila mtu kusema neno. Kwenye demo hakuna anayemfuata mwenzake. Kila mtu anafuata hedifoni.

Mimi ni mpiga besi na kura yangu ilikuwa ya chumba kimoja tangu mwanzo, kwa hiyo msomaji ajue ninaegemea wapi. Nitaandika uamuzi huu unatupeleka wapi, maana nina hakika utatuandama hadi kwenye santuri.

Cha kwanza ulichotuletea ni swali la metronomu, kifaa kinachogonga mapigo ya mwendo. Tulipima demo moja ya mazoezini: wimbo unaanza kwenye mapigo 142 kwa dakika na kiitikio cha mwisho kinafika 147. Mtu akiusikiliza hasemi "umekimbia", anasema umepamba moto. Sasa ukimwekea mpiga dramu metronomu sikioni, moto huo unazimwa pale pale. Ukimwondolea, unakosa mengi: huwezi kunakili kiitikio kizuri na kukibandika mahali pa kibaya, kwa sababu mwendo si ule ule, na mwangwi uliopangwa kufuata mapigo utatoka nje ya mstari. Tumekubaliana metronomu igonge mapigo manane ya kuanzia, kisha inyamaze. Wimbo mmoja tu ndio unabaki nayo mwanzo hadi mwisho, ule wenye sintesaiza inayojirudia, kwa kuwa mashine haijui kumsubiri mtu.

Februari, mazoezi ya kupunguza

Fundi mitambo alikuja mazoezini, akakaa pembeni, akarekodi kila wimbo kwa simu. Hakusema chochote mpaka tulipomaliza. Kisha akatuchezea rekodi zile za simu, na ukweli ukajitokeza wenyewe: kwa spika ndogo kama ile, besi inapotea na kishindo cha dramu kinapotea, kinachobaki ni sauti ya mwimbaji na mwendo wa gitaa. Nyimbo tatu hazikuwa na kitu cha kushika hapo. Zimetoka kwenye orodha, na moja kati yake ilikuwa ndiyo inayoshangiliwa kuliko zote jukwaani. Inashangiliwa kwa sababu ya kelele zake, na kelele ya jukwaani haiingii kwenye simu.

Wimbo wa nne ulikuwa na utangulizi mrefu mno, tumeukata nusu. Wimbo wa saba umeshushwa nusu toni kwa ajili ya koo la mwimbaji. Badala ya kubadilisha vidole, magitaa yamelegezwa nyuzi zote kwa nusu toni, na kwa bahati sauti ya magitaa imekuwa nzito na ya kivivu kidogo, inaufaa wimbo.

Jambo lisilo la muziki: tumeandikiana karatasi ya mgawo. Wimbo una haki mbili, ya utunzi, yaani maneno na melodia, na ya rekodi yenyewe. Watu wengi huzichanganya hadi siku pesa inapoingia. Rekodi tumegawana sawa kwa sawa. Utunzi umegawanywa wimbo kwa wimbo, na kikao hicho kilikuwa kirefu kuliko mazoezi yoyote tuliyowahi kufanya. Mpiga dramu aliuliza swali la haki: kama mdundo wake ndio uliozaa wimbo, mbona hahesabiwi mtunzi? Kwenye nyimbo mbili amehesabiwa. Fundi mitambo analipwa ujira wake na hachukui asilimia. Steve Albini, fundi wa kurekodi wa Marekani aliyefariki mwaka 2024, alijulikana kwa msimamo huo huo, alikataa mrabaha hata kwa bendi kubwa, akidai kwamba rekodi ni mali ya bendi. Si mafundi wote wanaokubali, na wanaodai asilimia nao wana sababu zao, lakini kwetu imerahisisha mambo.

Machi, siku ya maiki

Siku nzima imekwenda kwa dramu, na sijutii.

Ukiwa na vyombo vinne chumba kimoja, kila maiki inasikia kila kitu. Maiki ya snea, ngoma ndogo yenye waya chini yake, inasikia gitaa, maiki ya gitaa inasikia matoazi. Kuvuja huko hakuzuiliki, kunapangwa. Sauti hewani inasafiri takriban mita 343 kwa sekunde, yaani mita moja inakula karibu milisekunde 3. Amplifaya yangu ikiwa mita 3 kutoka maiki za juu ya dramu, besi yangu inafika huko milisekunde 9 baada ya kusikika kwenye maiki yake yenyewe. Ukichanganya hizo mbili, baadhi ya sauti zinaongezana na nyingine zinafutana, na besi inasinyaa bila mtu kujua imeibwa na nani.

Kwa hiyo fundi alichukua uzi. Alishika ncha moja katikati ya ngozi ya snea, akauvuta hadi maiki ya juu ya kushoto, akauwekea alama, kisha akauzungusha hadi ya kulia na kuisogeza mpaka alama iguse. Maiki zote mbili sasa ziko umbali ule ule kutoka snea, kwa hiyo pigo la snea linafika kwa wakati mmoja na kukaa katikati. Baada ya hapo akafanya vivyo hivyo kwa kiki, ngoma kubwa ya mguu, na hapo ndipo maiki ya kulia ilipolazimika kushuka hadi karibu na bega la mpiga dramu. Mpiga dramu alilalamika kwamba ataigonga. Hajaigonga.

Kwenye snea na kwenye amplifaya za magitaa tumeweka Shure SM57, maiki ambayo imekuwa sokoni tangu 1965 na ambayo hakuna fundi anayeionea fahari wala fundi anayeikosa. Nilitaka kitu cha kifahari zaidi. Tulijaribu, tukarudi.

Kero ya siku ilikuwa mlio. Kila mpiga ridhimu alipopiga uzi wa tatu wa gitaa bila kuubana, waya za chini ya snea ziliimba kama nyuki kwenye kopo. Uzi huo unatoa Hz 196, na ngozi ya snea ilikuwa imefungwa karibu na hapo, kwa hiyo amplifaya ikiita snea inaitika. Kuziba kwa kitambaa kuliua snea yenyewe. Dawa ilikuwa kukaza ngozi ya chini robo mzunguko kwenye kila skrubu na kugeuza amplifaya itazame ukuta. Mlio umepungua kwa kiasi kikubwa, haujaisha. Kilichobaki ndicho kitakachoingia kwenye albamu.

Tunarekodi biti 24, kHz 48, yaani sauti inapimwa mara 48,000 kwa sekunde na kila kipimo kinaandikwa kwa biti 24. Fundi anaacha nafasi kubwa juu, vilele visizidi desibeli 10 chini ya kikomo. Mpiga solo aliona mawimbi kwenye kioo ni madogo, akataka yaongezwe. Biti 24 zinabeba nafasi ya desibeli 144 kinadharia, dhidi ya 96 za biti 16, kwa hiyo hakuna tunachopoteza kwa kurekodi chini. Tunachoweza kupoteza ni pigo moja la snea litakalogonga dari na kupasuka.

Machi, kurekodi

Tumepanga nyimbo kwa uchovu wa mwili. Laini asubuhi, za nguvu baadaye, na ule unaomtoa mpiga dramu jasho la mwisho ukawekwa mwisho kabisa wa siku ya mwisho. Hatukubuni sisi. The Beatles walipoingia studio za EMI jijini London tarehe 11 Februari 1963, walirekodi nyimbo 10 za albamu yao ya kwanza kwa siku moja, na wimbo wa kuchana koo waliuacha wa mwisho kwa sababu John Lennon alikuwa na mafua na hakuna aliyejua sauti ingebaki kiasi gani baada yake. Sisi hatujifananishi na watu wale, wao walikuwa wamepiga klabu usiku kucha kwa miaka. Lakini ratiba yao ni ratiba nzuri.

Mwimbaji amesimama chumba cha pili nyuma ya kioo, anaimba sauti ya mwongozo ili tujue tulipo. Sauti hiyo tutaitupa.

Tulichojifunza haraka ni kwamba mara ya kwanza ni ya woga, mara chache zinazofuata ndizo zenye damu, na baada ya hapo mnaanza kupiga vizuri na kuchosha. Fundi anasikia mpindo huo kabla yetu. Anasema tu "njooni msikilize", na tukiingia chumba cha mitambo tunakuta ameshaandika nyota pembeni ya mojawapo.

Wimbo wa pili umetuletea kesi halisi. Rekodi iliyo bora kuliko zote ina sehemu ambapo waya wa ridhimu ulilegea kwenye tundu na gitaa likakatika kwa pigo moja katikati ya ubeti. Kama tungerekodi kwa zamu, ungelijaza pengo hilo kwa dakika mbili. Hapa ukijaza, gitaa jipya litasikika kwenye maiki yake lakini maiki za dramu bado zinakumbuka kwamba pale palikuwa kimya, na chumba kinabadilika ghafla kwa nukta moja, sikio linashtuka bila kujua kwa nini. Kinyume chake ni kibaya zaidi: mtu akipiga noti mbaya na ukaibadilisha, mzimu wa noti ya zamani unabaki ndani ya matoazi. Tumeliacha pengo. Mpiga ridhimu hakulala vizuri, mimi nililipenda tangu mara ya pili kulisikiliza. Linasikika kama mtu aliyevuta pumzi.

Mahali pekee tunapoweza kuunganisha rekodi mbili ni pale bendi nzima inaponyamaza. Nyimbo mbili zina pumziko kama hilo kabla ya kiitikio cha mwisho, na zote mbili zimekatwa hapo. Sitasema ni zipi.

Aprili, sauti ya mwimbaji

Kwa haraka, kwa sababu kazi hii ilikwenda vizuri kuliko tulivyotarajia. Mwimbaji anaimba kwa umbali wa shibiri moja kutoka maiki, na kitambaa cha kuzuia pumzi za "p" na "b". Akisogea zaidi sauti inanenepa chini, jambo ambalo maiki nyingi za studio hulifanya ukizikaribia, na kwenye wimbo wa tisa tumelitumia makusudi ili asikike kama ananong'ona karibu na sikio. Amevua upande mmoja wa hedifoni ili ajisikie chumbani. Kuanzia hapo ameacha kupanda juu ya noti.

Kila wimbo umeimbwa mzima mara kadhaa, kisha beti zikachaguliwa. Programu ya kunyoosha sauti hatukuitumia. Sina ugomvi nayo, lakini magitaa yetu yenyewe yanayumba kidogo, na sauti iliyonyooka kama rula juu ya magitaa yanayoyumba inamfanya mwimbaji ndiye aonekane amekosea.

Viitikio vya kundi tumeimba wote kuzunguka maiki moja. Anayeimba vibaya anarudi hatua mbili nyuma. Ni mimi.

Mei, kumiksi

Kumiksi ni kusawazisha vyombo vyote viwe wimbo mmoja, na hapa ndipo deni la Januari linapolipwa. Ukiinua snea, matoazi yanapanda nayo. Ukiishusha maiki ya juu ili matoazi yatulie, chumba kizima kinakufa. Miksi ya bendi iliyorekodiwa kwa zamu inajengwa matofali kwa matofali, hii yetu ilikuja ikiwa imeshasimama na kazi ya fundi ni kusukuma kuta kidogo kidogo. Faida yake ni kwamba hakuhitaji kuongeza mwangwi wa bandia kwenye dramu hata kidogo. Chumba kiko humo tayari.

Anamiksi kwa sauti ya chini, kiasi cha watu wawili kuongea bila kupaza. Sababu yake inajulikana tangu 1933, watafiti Harvey Fletcher na Wilden Munson walipochapisha vipimo vyao vya usikivu: sikio halisikii besi na sauti za juu sawasawa na za katikati, na tofauti hiyo inapungua sauti ikiongezwa. Ndiyo maana kila kitu kinapendeza ukifungulia spika. Miksi inayosimama kwa sauti ya chini itasimama kokote. Baada ya hapo anaikusanya yote katika spika moja, mono, kuona nini kinatoweka. Kwenye wimbo wa tano, solo iliyorekodiwa kwa maiki mbili ilitoweka karibu yote. Amegeuza polariti ya upande mmoja, yaani wimbi lake limepinduliwa juu chini, ikarudi.

Maoni ya bendi yalikuwa vurugu kwa wiki ya kwanza. Kila mtu alikuwa anasikiliza chombo chake na kutuma ujumbe wake usiku wake. Fundi akaweka sharti: ujumbe mmoja kwa wimbo, kutoka kwa mtu mmoja, baada ya wote kukubaliana. Ilivyokuwa lazima tujadiliane kwanza, nusu ya malalamiko yalifia njiani. La besi kutosikika limebaki, nami nimelitetea kwa amani.

Juni, mpangilio

Tumebaki na nyimbo 10, dakika 41. Nilidhani mpangilio ni suala la ladha tu. Santuri imetuonyesha vingine.

Santuri ya inchi 12 inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, iwe sindano iko ukingoni au karibu na lebo. Lakini duara la ukingoni ni refu na la ndani ni fupi. Mwanzoni mwa upande mfereji unapita chini ya sindano kwa kasi ya karibu sentimita 51 kwa sekunde. Mwishoni, kama 21. Sekunde ile ile ya muziki inabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu, na kinachoumia ni sauti za juu: matoazi yanapauka, herufi "s" za mwimbaji zinakwaruza. Kwa hiyo wimbo wa kelele wenye matoazi mengi haupaswi kufunga upande. Na upande ukizidi dakika 22 hivi, mifereji inabidi isogezwe karibu na kukatwa kwa sauti ndogo, na mkwaruzo wa santuri unaanza kusikika chini ya muziki.

Sasa, mwimbaji alitaka albamu ifungwe na ule wimbo wa jasho la mwisho. Kwenye mtandao ungekaa vizuri. Kwenye santuri ungekuwa umewekwa mahali pabaya kuliko pote. Tulibishana kama tutoe mipangilio miwili, mmoja wa mtandaoni na mmoja wa santuri, na mpiga dramu akakataa kabisa: albamu ni moja. Niko upande wake. Wimbo wa jasho umekwenda kufungua upande wa pili, ambako duara la mfereji ni refu, na tunafunga na ule ulioshushwa nusu toni, ambao hauna matoazi isipokuwa kwenye kiitikio. Upande wa kwanza dakika 21, wa pili 20.

Cha ajabu, kwa mpangilio huu wimbo wa pengo la ridhimu umekuja mara tu baada ya wimbo wa kufungua, na pengo lile sasa linasikika kama limetungwa.

Kimya kati ya nyimbo nacho tumekipanga. Mahali pengine sekunde mbili, mahali pengine toazi la mwisho halijaisha na mapigo manane ya wimbo unaofuata yameshaanza. Metronomu ya kuanzia tumeiacha isikike mara moja, kwenye wimbo wa sita.

Julai, masta

Fundi wa masta, yaani toleo la mwisho linalokwenda kwa wasikilizaji, ni mwingine, masikio mapya. Alituuliza tunataka sauti kubwa kiasi gani. Mpiga solo alitaka kubwa. Spotify hulinganisha nyimbo karibu na -14 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia, kwa hiyo masta iliyobanwa hadi -7 inashushwa tu kwa msikilizaji, na kilichobaki ni kubanwa kwenyewe. Tumetulia kwenye -11, vilele vikiishia desibeli 1 chini ya kikomo ili faili za mtandaoni zikibanwa zisipasuke. Kwa santuri kuna masta tofauti, haijabanwa sana, besi za chini kabisa zimewekwa katikati, kwa sababu besi nzito ikiwa upande mmoja inaweza kuirusha sindano kutoka kwenye mfereji.

Rekodi yenye nafasi ya kupumua ilishughulikiwa haraka. Alisema hakuwa na mengi ya kufanya, nikachukulia kuwa ni sifa.

Makaratasi: kila rekodi imepata namba yake ya ISRC, utambulisho wa kimataifa wa rekodi, yenye herufi na tarakimu 12. Majina ya watunzi yameandikwa kwa tahajia ile ile kila mahali, kulingana na karatasi ya Februari. Kava la mraba, pikseli 3000 kwa 3000. Kuhusu picha iliyopo kwenye kava sitaki kuzungumza, kura zilikuwa tatu kwa mbili.

Agosti, santuri za majaribio

Zimefika, hazina kava, lebo nyeupe. Kiwanda kinataka jibu kabla ya kuendelea.

Tulizigawana, kila mmoja akasikilize kwenye mashine ya nyumbani kwake na kuandika dakika na sekunde ya kila kasoro. Utaratibu wake ni rahisi: kasoro ikitokea sehemu ile ile kwenye nakala zote, iko kwenye bamba la kukandamizia na lazima lirekebishwe, ikitokea kwenye nakala moja, ni ya nakala hiyo. Mpiga ridhimu alisikia mtikisiko upande wa pili, katikati ya wimbo wa tatu. Nakala nyingine zilikuwa safi pale. Mwimbaji alisikiliza "s" zake kwenye wimbo wa mwisho kwa hedifoni, akairudia dakika ya mwisho kabisa karibu na lebo, na akasema zinavumilika. Kutoka kwake hiyo ni ruhusa.

Mlio wa snea upo. Unasikika waziwazi mwanzoni mwa wimbo wa nane, kabla ya dramu kuingia, gitaa likiwa peke yake.

Tumesaini. Wiki ijayo tunarudi mazoezini, kwa sababu wimbo wa sita una kiitikio cha kundi tulichokiimba wote, na jukwaani maiki ni mbili. Mpiga dramu anapendekeza mimi nisiimbe.